Nukta ya Bluu ya Mama Mkwe

Siku niliyoambiwa kwamba mto wetu una maji ya kutosha, sketi yangu ilikuwa bado na mchanga magotini. Nilikuwa nimeshinda asubuhi nzima ndani ya shimo nikikinga maji kwa kikombe, na jerikeni ilikuwa imefika nusu tu nilipoiacha nikakimbilia mkutano. Msichana wa ofisi ya maji aliwasha mashine yake, akamulika ukutani mwa kanisa ramani ya mabonde yote ya upande wetu wa Tawa. Ilikuwa ramani ya mtandaoni, ile ambayo ofisi hufungua kabla ya kuamua ijenge nini na wapi. Mabonde mekundu yangejengewa mabwawa. Ya manjano yangengoja. Bonde letu lilikuwa kijani kibichi, kama sukuma wiki iliyonyeshewa, na ya kijani yaliambiwa hongera.

Nilisimama kabla hajamaliza hiyo hongera yake.

Niseme mapema kwamba mimi si mpole. Nilizaliwa Nuu, kule Kitui, nikaolewa huku Makueni, na miaka yote hii mama mkwe wangu huniita "mtu wa Nuu" kila ninapoinua sauti, kana kwamba sauti ni ugonjwa nilioingia nao mlangoni siku ya harusi. Kikundi cha wanawake kilinichagua kuwa mwandishi wake kwa sababu mbili: hati yangu inasomeka, na siogopi ofisi. Sababu ya pili ndiyo iliyonipa kura nyingi.

Mto wetu huwa na maji juu siku chache tu kwa mwaka. Siku nyingine zote ni mchanga mtupu, maji yako chini yake, nasi huyafuata kwa kuchimba. Shimo hilo tunaliita kithima. Kila nyumba ina kithima chake, kimezungushiwa matawi ya miiba ili ng'ombe wasiingie, na hakuna anayechota kwa mwenzake bila kuomba. Chini ya shamba la mama mkwe kuna mwamba unaokata mto kutoka ukingo hadi ukingo. Ukuta wa zege ukisimama juu ya mwamba huo, mchanga utajaa nyuma yake, na maji yatakaa ndani ya mchanga hadi mvua nyingine. Hilo tulilijua hata kabla ya hizo ramani. Kila Jumanne tulifanya mwethya, yaani ile kazi ya pamoja ambayo kwetu hailipwi wala haikwepeki, tukabeba mawe mgongoni hadi ukingoni, na rundo lilikuwa limenipita kimo. Kilichobaki ni simiti, vyuma na fundi, na hivyo vingetoka kaunti.

"Hiyo ramani imekosea," nikasema.

"Mama, haijakosea," msichana akajibu. Alikuwa mtu wa Mkoa wa Kati, mpole, na viatu vyake vilikuwa vyeupe kabisa. "Hizi data ni nyinyi mlituma. Ona."

Akasogeza ramani karibu. Mto wetu ukatokea, mwembamba, unapindapinda, na juu yake kulikuwa na nukta za bluu ishirini na tatu. Kila nukta ilikuwa chanzo cha maji. Akagusa moja, kijisanduku kikafunguka, na ndani yake kulikuwa na jina la aliyekusanya habari hizo. Lilikuwa langu.

Watu wote waligeuka kunitazama. Mpaka leo nikikumbuka masikio yananiwaka.

Mambo yalikuwa hivi. Mwezi wa Januari tuliitwa Mukuyuni, mtu mmoja kutoka kila kikundi, tukafundishwa siku nzima kutumia ramani hiyo kwa simu. Unasimama mahali, unangoja kile kiduara kinachoonyesha ulipo kipungue, unabonyeza, unajibu maswali, basi. Sitasema uongo, niliipenda. Niliona paa la jikoni kwangu kutoka juu mbinguni. Niliona matuta tuliyochimba wenyewe, yamejipanga mlimani kama mistari ya daftari, na nikafikiri kwamba sasa angalau kuna mtu mahali fulani anaona kazi yetu. Nilirudi nyumbani nimebeba simu kwa mikono miwili.

Kesho yake tulishuka mtoni, wanawake wote, na kila mmoja alitaka kithima chake kiandikwe. Walinivuta mkono. "Changu bado! Njoo changu!" Swali kwenye simu lilikuwa: Je, chanzo hiki kinatoa maji? Hiyo ilikuwa Januari, mvua ndiyo tu imekwisha, hata alama ya ukwato wa mbuzi ilikuwa inatoa maji. Nikabonyeza ndiyo mara ishirini na tatu.

Lakini si Januari peke yake iliyotuponza. Kwetu mwanamke ambaye kithima chake kimekauka ni mvivu. Hajachimba vya kutosha. Hakuna anayekuambia hivyo usoni, ila unajua, na kwa sababu unajua, ukiulizwa chako kikoje unajibu "kipo" hata kama umekaa ndani yake tangu alfajiri unakinga kijiko kwa kijiko. Simu ilipouliza kama maji hukauka kiangazi, wote walisema huwa yanapungua kidogo tu. Nami nilisema hivyo hivyo kuhusu changu.

Mama mkwe ndiye aliyekuwa wa mwisho. Kithima chake kiko karibu na ule mwamba, kirefu, kingo zake zimeshikiliwa kwa mawe, na sifa zake zinajulikana mpaka ng'ambo ya mto.

"Andika hakikauki," akaniambia.

"Hakikauki kabisa, Mwaitu?" Mwaitu ni mama, na ndivyo ninavyomwita.

"Tangu niolewe sijakiona kikavu."

Kwenye simu kulikuwa na jibu hilo: chanzo cha kudumu. Nikabonyeza. Nilimwonea fahari, nikimwogopa kidogo pia, kama kawaida yangu kwake.

Sasa pale kanisani msichana wa ofisi alinieleza polepole, na kila neno lake lilikuwa kweli, jambo lililonikera zaidi. Bonde lenye hata chanzo kimoja cha kudumu hubaki kijani. Na letu lilikuwa na nukta ishirini na tatu za bluu. Nukta zaweza kubadilishwa, lakini mtu lazima arudi pale pale, apige picha ya chini ya shimo, na mwenye shimo mwenyewe akubali kwa kubonyeza kwa kidole chake kwamba kimekauka. Marekebisho yangefungwa kwenye mkutano wa Oktoba. Baada ya hapo orodha ingekuwa ya miaka mitano.

"Yaani nikuambie mimi, na macho yangu, kwamba sina maji, haitoshi?"

"Mama, mimi nakuamini. Lakini system inaenda na map."

"Ramani haina mgongo," nikamwambia. "Haijawahi kubeba jerikeni. Kama mnasema tuna maji, Jumatatu njooni na vikombe, mnywe mkishiba."

Wanawake walicheka. Yeye hakucheka, aliandika kitu kwenye daftari, na wakati ule niliona ni dharau. Nilitoka nimejaa hasira mpaka kooni. Ningewaonyesha kwamba nilichobonyeza kwa kidole changu naweza kukibonyezua.

Wiki nzima nilizunguka nyumba kwa nyumba na simu. Rafiki yangu tunayeketi naye benchi moja kanisani alinitazama machoni akasema, "Changu kipo." Jirani yake: "Kipo, kidogo." Mwingine alinionyesha pipa limejaa, na nilijua kabisa kwamba mume wake analeta maji kwa punda kutoka tangi la sokoni, mwendo wa saa mbili kwenda na kurudi. Nilikasirika nikawaambia kwamba watakufa na kiu kwa sababu ya maringo. Wakaniambia nipunguze sauti. Nilipofika kwangu niliketi kwenye kigoda nikajiuliza kama mimi mwenyewe nimeshabonyeza changu. Sikuwa nimebonyeza. Mwandishi mzima wa kikundi, mdomo mrefu namna hii, na nukta yangu ilikuwa bado inang'aa bluu.

Alhamisi tuna ushirika wa akina mama. Kabla ya neno, mwenye ushuhuda husimama. Huwa tunasikia mtoto amepona, mume amerudi, ng'ombe amepatikana. Nilisimama.

"Bwana asifiwe."

"Amina."

"Kithima changu kimekauka."

Mmoja wao alisema amina nusu, kwa mazoea, halafu akajinyamazisha. Juu yetu bati lilikuwa likijinyoosha kwa jua.

"Kilianza kukauka Agosti, na wiki hii hata nusu jerikeni hakitoi," nikaendelea. "Nimechimba mpaka nikagonga mwamba. Si uvivu, na sina aibu. Maji ninayowapa watoto wangu natoa sokoni, nanyi mnatoa huko huko, kwa sababu tunapishana njiani na kila mtu anajifanya anatoka dukani. Kama kuna mtu hapa ana maji, ainue mkono, tutoke hapa twende tukachote kwake sasa hivi."

Hakuna mkono ulioinuka. Mama mkwe alikuwa ameketi benchi la mbele, Biblia magotini, hakugeuka.

Kisha yule rafiki yangu wa benchi akasimama. "Bwana asifiwe. Hata changu." Akaanza kulia, na akicheka pia. Baada yake akasimama wa pipa. Baada yake mke wa mchungaji, ambaye hatukumtarajia. Siku hiyo hatukufika kwenye neno kabisa. Walisimama mmoja mmoja, na kila aliyeketi alionekana amepumua, na nikaona kwamba wanawake hawa ambao nilikuwa nawatukana nyumba kwa nyumba walikuwa wamebeba jambo hili kwa miaka, kila mmoja akidhani ni yeye peke yake.

Ijumaa na Jumamosi tulishuka mtoni. Shimo kwa shimo, picha kwa picha, kidole kwa kidole. Kila nukta iliyogeuka kutoka bluu kuwa ya kijivu tuliishangilia. Ukituona ungedhani tumepata maji, na kumbe tunayakana. Jioni ya Jumamosi zilikuwa zimegeuka ishirini na mbili. Bonde letu kwenye ramani lilikuwa bado kijani, kwa ajili ya nukta moja.

"Changu kipo," mama mkwe akasema nilipomfuata. Alikuwa anachambua pojo kwenye ungo na hakuinua macho. "Kama huniamini, nenda ukaone."

Nilikwenda. Maji yalikuwapo. Yametulia chini ya shimo, safi, karibu ndoo nzima, na nilisimama hapo nikaona haya. Nilikuwa nimemshuku mama mtu mzima. Nikashuka ndani nikachota kwa kiganja, nikaonja.

Maji ya mto wetu yana chumvi kidogo na harufu ya mchanga. Haya yalikuwa na harufu ya dawa, ile inayotiwa kwenye tangi la sokoni.

Niliketi. Kithima kilicho hai ukikichota, maji hupanda tena polepole kutoka chini. Nilichota vikombe vitatu nikamwaga pembeni, nikangoja, macho kwenye jiwe moja la ukingoni. Maji hayakupanda. Yalikuwa yanashuka, yananywewa na mchanga, na baada ya muda lile jiwe lilikuwa kavu juu. Ndipo nilipotazama kando nikaona alama za kwato za punda zinazotoka upande wa barabara, na pembeni yake alama za raba ndogo ninazozijua, kwa maana mimi ndiye niliyemnunulia Mwaitu raba hizo. Alikuwa akileta maji kutoka sokoni, akiyapitisha nyumbani kwake bila kuyateremsha, akayamwaga mtoni.

Nililia, na ilikuwa hasira tupu. Umri ule! Magoti yale! Nilitaka kwenda kumpigia kelele mpaka mlima usikie, na nilitaka kumbeba mgongoni.

Nilipofika alikuwa bado na pojo zake.

"Mwaitu, nimekaa pale. Maji yanashuka. Hayapandi."

"Umeona vibaya."

"Yana dawa ya tangi."

Akaendelea kuchambua. Nilikaa chini karibu naye nikaanza kuchambua pia, kwa sababu sikujua mikono yangu niiweke wapi. Mwishowe akasema kwa Kiswahili badala ya lugha yetu ya nyumbani, Kiswahili ambacho hunisemesha nacho tu akiwa ananilaumu au akiwa hataki kulia.

"Mama ya bwana yangu alinipatia hiyo kithima mimi nikiwa msichana. Alinishika mkono, akaniambia, hii ni yako, watu wa hii nyumba hawatalala na kiu. Sasa mimi nitakupatia nini? Shimo?"

Nilivuta ungo karibu, nikaendelea kuchambua. Ningeweza kupiga picha kile kithima wakati wowote, na ningeweza kushika simu na kubonyeza kwa kidole changu, nani angejua? Sikufanya hivyo. Nilikuwa nimebonyeza kwa niaba ya watu mara ya kutosha. Nilimaliza pojo, nikaaga, na kwa siku zote zilizobaki sikumwambia mtu, jambo ambalo wanaonijua wataliona muujiza.

Oktoba msichana wa ofisi akarudi na mashine yake na viatu vile vile, sasa si vyeupe tena. Ramani ikamulikwa ukutani. Mto wetu ulikuwa na nukta ishirini na mbili za kijivu na moja ya bluu, peke yake karibu na mwamba. Kumbe lile daftari alikuwa amelitumia vizuri. Aliandika nilichosema kuhusu vikombe, akaomba ofisini mwake turuhusiwe kurekebisha hata siku hiyo hiyo ya mkutano. Alisema angefunga marekebisho saa kumi.

"Hii moja iliyobaki ni ya nani?" akauliza.

Wanawake wakanitazama mimi. Nilibana midomo. Nilitazama sakafu, nikahesabu nyufa za simiti, nikajiambia kwamba nikifungua mdomo nitaharibu, na nisipoufungua mawe yetu yote yatabaki pale ukingoni mpaka watoto wetu wazeeke.

Mama mkwe akasimama. Alifunga leso yake vizuri kwanza.

"Hiyo ni yangu."

"Inatoa maji, shosho?" Shosho ni bibi, kwa lugha ya kwao.

"Inatoa ile maji mimi naiwekea."

Watu wachache walicheka wakidhani ni mzaha, kisha wakaelewa, na kicheko kikakatika. Alikuwa amesimama wima, kidevu juu, akimtazama msichana wa watu kana kwamba yeye ndiye mwenye makosa.

"Nimebeba maji ya soko nikamwaga kwa mto," akasema. "Nyinyi mnapenda kuandika. Andika hiyo. Halafu twende, ni saa tisa."

Mkutano mzima uliteremka mtoni. Mwenyekiti, mchungaji, wanaume waliokuwa wamesinzia nyuma, wote. Mama mkwe hakutaka kushikwa mkono. Aliondoa tawi la miiba mwenyewe, akashuka ndani ya kithima, na chini kulikuwa na mchanga mkavu tu, maana hakuwa amemwaga kitu tangu siku ile ya pojo. Nilipiga picha. Nikampa simu, nikamwonyesha pa kubonyeza.

Akabonyeza. Simu ikakataa. Akabonyeza tena, kwa nguvu, na tena. Kidole chake kimechimba mchanga huo miaka yote, ngozi imekauka na kuwa ngumu, na kioo hakikumsikia.

"Lowesha kidole, shosho," msichana akasema kutoka juu. "Kioo kinataka unyevu kidogo."

Mama mkwe akainama kwa mazoea, akapeleka mkono chini pale yalipozoea kuwa maji. Mkono ukagusa mchanga mkavu. Alibaki ameinama hivyo, na sisi wote juu tukiona.

Akainuka. Akalamba kidole gumba chake, taratibu, macho yake yakiwa kwa wale wanaume wa mkutano, akabonyeza.

Nukta ikawa kijivu. Msichana wa ofisi alikuwa ameshika mashine yake mkononi, akaigeuza tuone: bonde letu likakaa kijani kidogo, likawa la manjano, halafu likawa jekundu lote, kutoka kilele hadi mwamba. Wanawake wakapiga vigelegele. Mke wa mchungaji akaanza kucheza kwenye mchanga. Nilipiga kelele kuliko wote, na hakuna aliyeniambia nipunguze sauti.

Nilipotazama chini, mama mkwe alikuwa bado ndani ya shimo. Alikuwa ameokota kikombe chake cha kuchotea, kile cha bati kilichobonyea ubavuni, anakipangusa mchanga kwa leso. Akaninyooshea.

"Mtu wa Nuu," akasema. "Shuka. Ni chako."

Nikashuka.